Nyumba kwenye njia ya wilbaro: siku nne katika mashamba ya kilimo hai kandokando ya Nairobi

Maelezo haya yametolewa kwenye madaftari mawili yaliyolowa mvua, picha zaidi ya mia tatu na vipimo vya tepu. Tulisafiri Novemba, katikati ya mvua za vuli, tena kwa makusudi, kwa sababu nyumba ya shambani haifichui kasoro zake wakati wa kiangazi. Tulifika mashamba matatu yanayopokea wageni: moja Kiserian, moja Tigoni, moja Juja. Majina yao hatuyataji. Wenyewe walitufunulia mpaka chemba za maji machafu, na mtu hufanya hivyo kwa kuamini tu.

Kila shamba tuliuliza swali lile lile: sukuma wiki ikikatwa inapita wapi hadi ifike sufuriani, na mgeni naye anapita wapi?

Siku ya 1, Jumatano: Railways, Langata, Kiserian

Matatu za upande wa Kiserian, namba 125 na 126, hupakia Railways, katikati ya Nairobi. Tulitoka saa moja na nusu asubuhi, magari mengi yakiwa yanaingia mjini, kwa hiyo barabara ya Langata ilikuwa nyepesi upande wetu. Nauli hadi Galleria, jengo la maduka, ilikuwa shilingi 80. Jioni mambo hugeuka: Kiserian ya shilingi 150 ilikuwa ikipanda hadi 200, na mvua ikianza, konda ndiye anayepanga bei.

Tulishuka Galleria kwa ajili ya jengo moja ambalo si la shamba, maktaba ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, CUEA. Hapo hewa ya nje huingia chini ya jengo na kupita kwenye kitanda cha mawe kabla ya kufika kumbini, kisha hupanda kwa joto lake yenyewe na kutokea juu kwenye dohani. Usiku wa Nairobi una baridi ya kutosha kupoza mawe hayo, na mchana mawe huirudisha baridi kwa hewa inayopita. Anayefikiria ghala la viazi au chumba cha kufungashia mboga aitazame kanuni hiyo. Mahitaji yake ni mawe, mlango wa chini wenye kivuli, tundu la juu lililo juu kweli, na mtu wa kukumbuka kufungua madirisha usiku. Maktaba si mahali pa utalii, basi omba ruhusa langoni na usiingie na kundi.

Kiserian tulifika saa nne. Boda kutoka steji hadi shambani ilikuwa shilingi 100, lakini kilomita ya mwisho ilikuwa tope na pikipiki zikakataa kilima. Mzee mmoja mwenye mkokoteni wa punda alipakia mabegi yetu bila kuulizwa, akayafikisha mpaka langoni, akakataa pesa. Alichokubali ni kikombe cha chai tu.

Shamba ni la ekari tatu. Nyumba ya wageni ina urefu wa mita 24 na upana wa mita 6, na pande zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini. Nairobi iko takribani digrii 1.3 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la saa sita mchana halikai mbali na utosi: mwezi Juni huelekea kaskazini kwa karibu digrii 25, Desemba huelekea kusini kwa digrii 22 hivi. Paa lililotokeza sentimita 90 nje ya ukuta hutia kivuli karibu mita 1.9 ya ukuta wa kaskazini mchana wa Juni, na mita 2.2 ya ukuta wa kusini mchana wa Desemba. Madirisha yote yamo ndani ya kivuli hicho. Kuta za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la chini, ambalo hakuna paa la kulizuia, na ndiyo maana ni fupi na hazina dirisha kubwa. Upande wa magharibi wameweka stoo na bafu.

Jambo lililotuleta, hata hivyo, liko katikati ya nyumba. Kipenu chenye upana wa mita 2.4 kinaikata nyumba vipande viwili, jiko likiwa kushoto na meza ya chakula kulia. Ndiyo njia ya wilbaro kutoka vitaluni hadi meza ya kuoshea. Saa moja asubuhi na saa kumi jioni mavuno hupita hapo, na mgeni aliyeshika kikombe anasogeza miguu kupisha mboga za managu. Meza za kuoshea ni mbili, moja ya kimo cha sentimita 90 kwa watu wazima, nyingine ya sentimita 60 kwa watoto. Juu zina fito zilizoachana ili tope lidondoke, na sakafu chini yake inaserereka sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mfereji.

Haikuwa hivyo mwanzoni. Mwenyeji alieleza kwamba kipenu hicho kilikuwepo tangu ramani ya kwanza, lakini fundi aliweka ngazi moja ya sentimita 15 mlangoni ili maji ya mvua yasiingie. Wilbaro yenye kilo 60 haipandi ngazi. Wafanyakazi wakazunguka nyuma ya nyumba, mboga zikaingia kwa mlango wa jikoni, na kwa mwaka mzima wageni walikaa kwenye kipenu kizuri wasichokiona kazi yake. Siku ngazi ilipovunjwa na kuwekwa mteremko wa moja kwa kumi na mbili, yaani mita 1.8 kwa kimo kile kile, shamba likarudi ndani ya nyumba. Maji ya mvua yanazuiwa na mfereji wa upana wa sentimita 15 wenye wavu wa chuma juu yake, mbele ya mteremko.

Ukichora njia ya namna hii, sentimita 120 zinatosha wilbaro moja na mtu, na sentimita 180 zinatosha mbili kupishana. Kona ziwe pana zaidi ya njia yenyewe, kwa kuwa wilbaro hugeuka kwa mikono yake mirefu, na ukuta wa kona ndio unaochubuka kwanza. Mteremko huo huo unamfaa mgeni wa kiti cha magurudumu na bibi wa fimbo.

Chakula cha jioni kilikuwa mukimo, managu na maziwa ya mala. Kulala na milo mitatu ilikuwa shilingi 3,500 kwa kila mmoja.

Siku ya 2, Alhamisi: Kiserian, matofali na mchwa

Siku nzima tulikuwa hapo hapo. Kuta za nyumba ni matofali ya udongo yaliyogandamizwa kwa mashine ya mkono na kuchanganywa na saruji kidogo, yale yanayofungamana bila kupiga mota kila mstari. Hayachomwi, kwa hiyo hakuna mti uliokatwa kwa tanuri. Udongo ni mwekundu wa mtelemko wa shamba lenyewe, na shimo lililobaki limekuwa bwawa la kuvunia maji ya mvua.

Wengi huharibu hapa kwa kuiga uwiano wa jirani, wakati kila udongo una uwiano wake. Kipimo chake ni rahisi. Tengeneza kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, ukipake mafuta ndani. Toa kwanza udongo wa juu wenye mizizi, kisha chukua ule wa chini, uloweshe hadi ulainike kama uji mzito, ujaze kisandukuni bila kuacha mapovu. Anika juani siku tatu, au kivulini siku saba. Ukikauka utakuwa umesinyaa. Usukume wote upande mmoja, upime nafasi iliyobaki. Chini ya milimita 12, tumia saruji moja kwa udongo kumi na nane. Milimita 12 hadi 24, moja kwa kumi na sita. Milimita 24 hadi 36, moja kwa kumi na nne. Milimita 36 hadi 48, moja kwa kumi na mbili. Wao walipata milimita 30. Udongo unaosinyaa zaidi ya milimita 48 una mfinyanzi mwingi. Uongezee mchanga kwanza badala ya kuongeza saruji tu.

Udongo uchekechwe kwa waya wa matundu ya milimita 5 au 6, uchanganywe mkavu mpaka rangi iwe moja, ndipo maji yanyunyizwe kidogo kidogo. Finyanga tonge mkononi, uliachie kutoka kimo cha kifua lianguke kwenye sakafu ngumu: likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likibaki tonge, yamezidi. Likisambaratika kama unga, bado. Mchanganyiko utumike ndani ya saa moja, kwa hiyo usichanganye wa siku nzima. Tofali likitoka mashinini lifunikwe kwa plastiki na kumwagiliwa kwa siku saba angalau, na lisibebeshwe mzigo kabla ya siku 28. Hapa kundi la kwanza lilianikwa juani ili likauke haraka, na pembe zake zinamomonyoka kwa kucha. Yale yamejengea kingo za vitalu, na hiyo ndiyo nafasi inayoyafaa. Kenya ina kiwango chake cha matofali haya, KS 1070. Mhandisi wa kaunti akisita, anzia hapo.

Mchwa walituchukua asubuhi yote iliyobaki, kwa sababu ndipo nyumba ya kawaida na shamba la kilimo hai zinapogombana. Mjengo wa kawaida Nairobi hunyunyiziwa dawa ya mchwa chini ya sakafu kabla ya zege. Kwenye shamba la kilimo hai, dawa hiyo iko mita chache kutoka kitalu cha spinachi. Dawa ya kijani ya nguzo za ua ni hivyo hivyo, kwani ina shaba, kromu na aseniki, na aseniki huvuja polepole kwenda udongoni. Nguzo ya namna hiyo isishike kingo za kitalu hata siku moja.

Walichofanya ni kumzuia mchwa kwa umbo la nyumba badala ya sumu. Kitako cha nyumba ni mawe, kimo cha sentimita 45 juu ya ardhi. Juu ya mawe, kabla ya mbao yoyote, kuna kofia ya bati lisiloshika kutu, iliyotokeza sentimita 5 pande zote mbili na kukunjwa kuelekea chini kwa digrii 45. Mchwa akitaka kupita, lazima ajenge njia yake ya udongo kuzunguka ukingo huo, mahali panapoonekana. Kuzunguka nyumba kuna kokoto kwa upana wa sentimita 60, bila mmea na bila kuni zilizoegemezwa. Kazi inayobaki ni ya binadamu: mara moja kwa wiki mtu anazunguka na ufagio. Tuliona mahali pamoja ambapo bomba la maji limetoboa kofia na kuacha tundu la kidole, na njia ya mchwa ilikuwa imeanza hapo hapo. Tundu kama hilo huzibwa kwa wavu wa chuma wa matundu madogo na mota nzito.

Maji. Paa pamoja na vitokezo lina mita za mraba 200, yaani milimita moja ya mvua ni lita 200 juu ya mabati, na hesabu ya salama ni kuvuna asilimia 80. Usiku wa Jumatano, kwa kipimo chao cha mvua, ilinyesha milimita 20. Matangi ni matatu ya lita 10,000. Kiangazi cha Juni hadi Septemba kina siku zipatazo 120, kwa hiyo matangi yakijaa mwisho wa masika yanatoa lita 250 kwa siku. Hiyo ni ya jiko na kuosha mboga basi. Vitalu hunywa kutoka bwawa.

Maji ya kwanza ya mvua yana mavi ya ndege na vumbi, na yasifike tangini. Wengi huweka bomba la inchi nne lililosimama wima mita mbili na kudhani wamemaliza. Bomba hilo hubeba kama lita 8 kwa mita, jumla 16. Paa la mita za mraba 200 linahitaji kumwaga walau milimita moja ya mwanzo, lita 200, na hapa wamefunga pipa la lita 210 lenye mfuniko wa kuelea na kitundu chini kinachovuja taratibu hadi mvua ijayo. Kitundu huziba kwa majani kila baada ya wiki mbili. Gata ziinamishwe sentimita moja kwa kila mita.

Jiko linatumia bayogesi ya ng'ombe wanne wanaofugwa zizini. Kila mmoja hutoa samadi ya kilo 15 hivi inayookoteka, jumla kilo 60, inayochanganywa na maji kiasi hicho hicho. Kilo moja ya samadi hutoa takribani lita 40 za gesi, kwa hiyo ni lita 2,400 kwa siku, sawa na saa sita hadi nane za kichomeo kimoja. Kinachokwamisha moto mara nyingi si ng'ombe, ni maji: mvuke huganda ndani ya bomba na kukusanyika mahali bomba limelegea, na mwali unaanza kurukaruka. Bomba liinamie upande mmoja hadi kwenye chupa ya kukusanyia maji. Tena zizi lisioshwe kwa dawa ya kuua vijidudu, kwani vijidudu vinavyotengeneza gesi tangini vitakufa pia. Mgeni hapa huonyeshwa shimo la kuchanganyia na kupewa mti wa kukorogea. Karibu wote hukubali.

Siku ya 3, Ijumaa: Kiserian, Banana, Tigoni

Siku ya hasara ya saa tatu. Mvua ilikata barabara karibu na Rongai, kisha mjini hakuna kilichosogea. Matatu ya Limuru inayopita Ruaka na Banana ilitutoza 150, na ikaishiwa nguvu Banana. Mama mmoja mwenye kibanda cha chai alituvuta ndani pamoja na abiria wengine, akatuwekea viti vya makreti. Chai na mandazi mawili ilikuwa shilingi 50. Kikombe cha pili alikigawa bure, akisema mvua haimlipishi mtu. Anayekwenda Tigoni msimu huu aondoke mjini kabla ya saa mbili asubuhi na abebe sweta, hata kama Nairobi jua linawaka.

Shamba la Tigoni liko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, katikati ya majani chai ya majirani. Majirani wananyunyizia, na upepo hauulizi mpaka. Shamba linaloomba nembo ya Kilimohai, iliyo chini ya kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai kilichopitishwa mara ya kwanza 2007, lazima lioneshe jinsi linavyojikinga na dawa za jirani. Aliyepanga hapa alitumia akili: maegesho ya wageni, bafu za nje, banda la kuni na ua mnene wa miti vyote vimewekwa kwenye ukanda wa mpakani, ardhi ambayo mavuno yake yasingeuzwa kama ya kilimo hai. Vitalu vimebaki katikati. Mgeni anashuka garini, anapita kwenye ua, anavua viatu, anavaa gambuti za shamba zilizopangwa kwa saizi, anakanyaga beseni la maji yenye dawa ya kuua vijidudu, ndipo anaingia. Hatua hizo zinalinda kuku na nyanya, na pia zinamwambia mgeni kwamba ameingia mahali pa kazi. Wawe na gambuti za watoto; huku nyingi ni za watu wazima.

Nyumba ni ya mbao za saipras. Ilijengwa kwa mbao mbichi, na hilo linaonekana. Mbao zimesinyaa, kati ya ubao na ubao pameachana milimita 6 hadi 10, na baridi ya alfajiri inapita kama mlango uko wazi. Mbao zipangwe kivulini, vijiti vya sentimita 2.5 kati ya safu na safu, uzito juu, miezi miwili au mitatu katika hali ya hewa hii. Na ukifunika nafasi kwa ubao mwembamba juu yake, msumari upite katikati ya nafasi hadi kwenye mhimili, usishike mbao mbili za chini. Hapa misumari imeshika zote mbili, zilipotaka kusinyaa hazikuwa na pa kwenda, zikapasuka.

Jambo la pili la Tigoni ni umande wa bati. Usiku bati hupoa kuliko hewa ya chumbani, pumzi za watu wanane huganda chini yake na kudondoka kitandani. Dari peke yake haitoshi. Panatakiwa karatasi ya kupitisha mvuke chini ya bati, nafasi ya hewa ya sentimita 5, na matundu kwenye kilele na kwenye vitokezo, yenye wavu wa kuzuia popo na panya.

Kuna na friji ya makaa, imejengwa vizuri kabisa, na haifanyi kazi. Nje kipimajoto kilisoma 17, ndani 16. Friji hiyo hupoza kwa maji kukauka kwenye makaa, na ukungu wa Tigoni hauna nafasi ya kupokea maji zaidi. Hapa chumba kilichochimbwa nusu kwenye kilima, upande wa kusini, kingefaa kuliko makaa. Migomba, ambayo kwingine hupokea maji machafu ya nyumba, hapa inadumaa kwa baridi, kwa hiyo maji ya kuoshea mboga wameyapeleka kwenye nyasi za mabingobingo, nazo zinalishwa ng'ombe. Chakula cha mchana, supu ya viazi na mkate wa kuoka, kilikuwa shilingi 800.

Siku ya 4, Jumamosi: Juja

Barabara ya Thika ilikuwa tupu. Matatu ya Juja, namba 236, ilitutoza shilingi 100. Pande hizi ndiko yanakotoka mawe ya Ndarugo, yanayokatwa kwa msumeno wa mashine na kujenga nusu ya mji. Ukiyaagiza, uliza bei yakiwa yamefika, maana lori la kwenda mbali huongeza gharama kuliko jiwe lenyewe, na ndiyo sababu ya kutumia udongo wa Kiserian huko Kiserian na mawe ya Juja huku Juja. Jiwe hili hunyonya maji, kwa hiyo usisahau ile plastiki nyeusi ya kuzuia unyevu juu ya msingi.

Taasisi ya Kilimo Hai ya Kenya, KIOF, iliyoanza 1986, ina mafunzo yake Juja, na alama yake inaonekana mashambani. Kila rundo la mboji lina fimbo ndefu iliyochomekwa kwa kuinama. Ichomoe baada ya siku chache: ikiwa ya moto mkononi, mboji inaiva, ikiwa baridi na kavu, mwagia maji, ikiwa na unga mweupe, imekauka ndani. Kwenye shamba letu la tatu marundo matatu yamepangwa kando ya njia ya kwenda vyumbani, kila moja upana wa mita 1.5 na kimo kama hicho, na fimbo ziko upande wa njia. Mgeni akipita anashika. Ni ubunifu wa gharama sifuri, nasi tumeunakili.

Friji ya makaa hapa inafanya kazi. Kuta zina sentimita 10 za makaa kati ya nyavu mbili za waya, bomba lenye vitundu limelala juu, paa la nyasi linatia kivuli. Saa nane mchana nje ilikuwa 27, ndani 21, hata katika msimu wa mvua. Terere (mchicha) ya asubuhi ilikuwa bado imesimama. Makaa ya juu hukauka kwanza vitundu vikiziba chokaa, kwa hiyo chomoa bomba kila mwezi na ulipitishe siki.

Kisha tukaonyeshwa ufa.

Shamba limekaa kwenye udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Nyumba ya wageni ina miaka mitatu, na ufa umeanza kona ya dirisha la bafu na kushuka kwa pembe ya digrii 45 hadi msingi, upana wa milimita 8 juu, milimita 2 chini. Msingi ulichimbwa mita 1.2, na shimo la majaribio tulilochimba pamoja na vijana wa shamba lilikuta udongo mgumu kwenye mita 1.1, kwa hiyo msingi ulifika. Kosa lilikuwa nje. Mita moja na nusu kutoka ukutani palichimbwa duara la migomba la kupokea maji ya bafu na jiko, upana mita 2, kina mita 1, limejaa majani makavu, migomba mitano imenawiri. Ni kazi safi ya kilimo. Lakini maji yake yanaulowesha udongo wa upande mmoja wa nyumba mwaka mzima, wakati upande wa pili, penye mikaratusi miwili ya jirani, unakauka. Upande mmoja unainuka, mwingine unashuka, ukuta unapasuka kati yao. Isitoshe, gata ya kona hiyo ilikuwa imeziba, na mvua ilikuwa ikimwagika hapo hapo.

Tiba tuliyokubaliana na mwenyeji ina mpangilio, kwa kuwa anayeziba ufa kwanza ataziba tena mwakani. Gata isafishwe leo. Maji machafu yahamishwe. Sakafu ya nje ya upana wa mita 1.2 imwagwe kuzunguka nyumba yote, ikiinama kwenda nje sentimita 3 kwa kila mita, na kiungo chake na ukuta kijazwe lami, kisiunganishwe kwa zege. Kisha kusubiri mvua moja na kiangazi kimoja. Tulibandika vipande viwili vya kioo juu ya ufa kwa plasta, tukaandika tarehe kwa penseli. Kioo kikivunjika kabla ya masika kuisha, nyumba bado inatembea, na aitwe mhandisi wa miundo. Kikibaki kizima, ufa ujazwe kwa mota dhaifu ya chokaa.

Mahali papya pa duara palichukua muda kupatikana. Mita nane kutoka ukutani, chini ya mtelemko, panatosha kwa udongo. Lakini mahali pa karibu kabisa palikuwa nyuma ya banda la kuku, ambako hakuna mgeni angefika. Mwenyeji alikataa. Wageni wake huuliza kila siku maji ya kuoga yanakwenda wapi, alisema, na jibu liko mkunguni. Basi bomba likarefushwa mita nne zaidi, hadi pembeni mwa njia ya vitaluni, baada ya meza ya kuoshea. Kabla yake litakaa pipa la kunasa mafuta ya jikoni, lenye mfuniko unaofunguka kwa mkono mmoja, la kusafishwa kila wiki na uchafu wake kupelekwa kwenye mboji.

Vijana walichora duara kwa jivu, wakapitisha wilbaro mara mbili kuhakikisha njia haijabanwa. Zilibaki sentimita 130. Walikuwa wameanza kuchimba tulipoaga saa kumi na moja. Matatu ya 237 kutoka Thika ilituchukua barabarani kwa shilingi 150, mabegi yakiwa na terere, machipukizi mawili ya mgomba na sanduku la kupimia udongo tuliloachiwa Kiserian.